Talaat Pasha, kuanguka kwa Dola ya Uthmania na mauaji ya Waarmenia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo Aprili 24, Waarmenia popote walipo huwakumbuka wafu wao wa mwaka 1915, na kila mwaka maswali yaleyale hurudi. Mengi humhusu mtu mmoja, Talaat Pasha, waziri wa mambo ya ndani na baadaye waziri mkuu wa Dola ya Uthmania, dola ya Waturuki iliyotawaliwa kutoka Istanbul. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Baadhi ya majibu ni marefu, kwa sababu hayajibiki kwa sentensi mbili bila kuwadhulumu waliokufa.

Talaat alikuwa nani kabla ya kuwa mkubwa?

Alikuwa karani wa posta. Mehmed Talaat alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Edirne, upande ambao leo ni Bulgaria. Hakutoka kwenye ukoo wa mapasha, yaani wakubwa wenye cheo cha juu cha dola, wala hakupitia chuo cha maofisa wa jeshi kama wenzake wengi. Aliajiriwa katika posta na telegrafu mjini Edirne, akakamatwa kwa kushiriki harakati za siri dhidi ya Sultani Abdulhamid II, akafungwa, kisha akapelekwa uhamishoni Selanik, mji ambao leo ni Thessaloniki ya Ugiriki. Huko nako alirudia kazi ya posta.

Mwaka 1906 yeye na wenzake walianzisha chama cha siri mjini Selanik. Mwaka uliofuata waliungana na wapinzani waliokuwa Paris chini ya jina la Kamati ya Umoja na Maendeleo. Julai 1908 maofisa wa kamati hiyo waliasi huko Makedonia na kumlazimisha Sultani arudishe katiba. Watu wa dini zote walikumbatiana barabarani, Waarmenia wakiwemo. Talaat aliingia bungeni kama mbunge wa Edirne, na mwaka 1909 akawa waziri wa mambo ya ndani kwa mara ya kwanza.

Naomba msomaji aikumbuke hiyo posta na telegrafu. Tutairudia.

Si Enver Pasha ndiye aliyetawala?

Vitabu vingi hutaja mapasha watatu: Enver kwenye wizara ya vita, Jemal kwenye jeshi la majini na Syria, na Talaat kwenye mambo ya ndani. Enver ndiye aliyependwa na wapiga picha. Lakini chama kilikuwa mikononi mwa Talaat, na chama ndicho kilichotawala baada ya mapinduzi ya Januari 23, 1913, pale kundi lao lilipovamia ofisi ya waziri mkuu, likamuua waziri wa vita Nazim Pasha na kumlazimisha waziri mkuu ajiuzulu. Juni mwaka huohuo waziri mkuu mpya, Mahmud Shevket Pasha, naye aliuawa na wapinzani wa kamati. Kamati ililitumia tukio hilo kuwanyonga na kuwafukuza wapinzani wake, na tangu hapo hapakuwa na wa kuihoji.

Kuhusu cheo, mwaka 1915 bado aliitwa Talaat Bey. Upasha aliupata alipokuwa waziri mkuu, Februari 1917. Kwa hiyo alipotia sahihi amri zinazozungumziwa hapa chini alikuwa waziri tu, si mkuu wa serikali. Mkuu wa serikali alikuwa Said Halim Pasha, ambaye uzito wake ulikuwa mdogo mno.

Dola ilikuwa inakufa tayari. Kwa nini yeye alaumiwe kwa kuanguka kwake?

Swali la haki. Ni kweli alirithi nyumba inayovuja. Mwaka 1908 peke yake Bulgaria ilijitangazia uhuru na Austria-Hungaria ikaimeza Bosnia. Mwaka 1911 Italia iliivamia Libya. Kisha vikaja vita vya Balkani vya 1912 na 1913, na dola ikapoteza karibu ardhi yake yote ya Ulaya, pamoja na Selanik, mji uliowalea viongozi hawa. Mamia ya maelfu ya Waislamu walikimbia kutoka Balkani wakiwa na virago vyao na habari za mauaji. Wakimbizi hao walilala misikitini Istanbul. Asiyeyahesabu machungu hayo hataielewa kamati ile.

Lakini machungu si amri. Baada ya Balkani bado dola ilikuwa na Anatolia (sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, upande wa Asia), Syria, Palestina, Iraki, Hijazi na Yemeni. Njia ya kukaa nje ya vita vya 1914 ilikuwepo, na mawaziri kadhaa waliitaka. Agosti 2, 1914, viongozi wachache walitia sahihi mkataba wa siri na Ujerumani, na Talaat alikuwa mmoja wa waliojua. Oktoba 29 meli za dola, zikiongozwa na amirali Mjerumani, zilipiga mabomu bandari za Urusi kwenye Bahari Nyeusi. Mawaziri kadhaa walijiuzulu kwa kupinga. Talaat alibaki.

Miaka minne baadaye kila kitu kilikuwa kimekwenda: Baghdad, Yerusalemu, Damascus, Makka. Mkataba wa kusitisha vita ulitiwa sahihi Mudros Oktoba 30, 1918. Usultani ulifutwa Novemba 1, 1922, na ukhalifa Machi 3, 1924, jambo lililowagusa Waislamu hata mbali kabisa na Uturuki.

Wapo wanaosema alijaribu kuiokoa dola akashindwa. Mimi naona hesabu hiyo haikubali. Serikali iliyo vitani, yenye njaa na typhus, ilichukua mafundi wake, wakulima wake, madaktari wake na wafanyabiashara wake, ikawatembeza hadi wakafa. Mwaka 1916 hata vibarua wa Kiarmenia waliokuwa wakichimba mahandaki ya reli ya Baghdad kwenye milima ya Amanus waliondolewa, ilhali reli hiyo ndiyo iliyohitajika kupeleka askari na risasi kusini. Wahandisi wa Kijerumani walilalamika bure. Huwezi kuita hilo uokozi.

Mauaji yalianzaje?

Hayakuanza siku moja. Februari 1914 dola ilikubali, kwa shinikizo la mataifa makubwa, mpango wa marekebisho katika majimbo ya mashariki walikoishi Waarmenia wengi, chini ya wakaguzi wawili kutoka nje. Kamati iliuona kama mwanzo wa kumegwa kwa nchi, na vita vilipoanza iliufuta. Januari 1915 jeshi la Enver liliangamia likipigana na Warusi kwenye theluji ya Sarikamish, mashariki mwa Anatolia. Lawama zikatafutiwa mtu wa kuzibeba. Februari askari wa Kiarmenia walinyang'anywa silaha na kupelekwa kwenye vikosi vya kazi, na wengi wao waliuawa baadaye.

Usiku wa kuamkia Aprili 25, 1915, kwa amri ya wizara ya Talaat, polisi wa Istanbul waliwakamata Waarmenia zaidi ya mia mbili: waandishi, makasisi, madaktari, wahariri, wabunge. Walipelekwa Ayash na Chankiri, ndani ya Anatolia. Wachache walirudi. Mmoja wao ni Komitas, padri na mwanamuziki aliyekusanya nyimbo za vijijini. Alirudi akiwa hai, lakini akili yake haikupona, na alifia katika hospitali Ufaransa mwaka 1935.

Sheria ya kuwahamisha watu ilipitishwa Mei 27, bila bunge, na ilhali misafara ilikwisha kuanza. Kijiji baada ya kijiji kilisomewa tangazo na kupewa siku chache, pengine saa chache. Mara nyingi wanaume walitengwa na kuuawa karibu na mji. Wanawake, watoto na wazee walitembezwa kuelekea jangwa la Syria. Njiani walishambuliwa na magenge ya kile kilichoitwa Taasisi Maalumu, ambamo wafungwa waliotolewa magerezani waliandikishwa, na pia na baadhi ya makabila ya Wakurdi. Walionusurika njiani walikutana na njaa kwenye makambi ya kandokando ya mto Frati. Mwaka 1916 liwali wa Deir ez-Zor, mji wa jangwani Syria, aliyewaonea huruma aliondolewa, akaletwa mwingine, Salih Zeki, na waliobakia wakachinjwa kwa makumi ya maelfu.

Ni watu wangapi waliokufa?

Kabla ya vita Waarmenia wa dola hiyo walikadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili. Wanahistoria wengi huweka idadi ya waliokufa kuwa kati ya laki sita na milioni moja na nusu, na makadirio mengi huangukia karibu na milioni moja au zaidi.

Mwenyewe Talaat alikuwa na hesabu yake. Daftari lake lilibaki kwa mjane wake, na mwanahabari wa Kituruki alilichapisha katika miaka ya 2000. Ndani yake Waarmenia wa kabla ya vita ni 1,256,403. Mwaka 1917 ni 284,157. Tofauti yake ni karibu watu 972,000, wamepungua katika safu mbili za tarakimu kwa mwandiko safi. Hakuna ukurasa ninaoujua katika historia ya karne ile unaonishtua kama huo, kwa sababu haukuandikwa na mshitaki.

Waashuru na Wagiriki wa dola hiyo nao waliuawa na kuhamishwa kwa wingi. Habari zao zinastahili ukurasa wao.

Kuna ushahidi gani kwamba yeye ndiye aliyeamuru?

Hapa ndipo karani wa posta anaporudi. Talaat alikuwa na mashine ya telegrafu nyumbani kwake na aliitumia kwa mkono wake mwenyewe. Balozi wa Marekani, Henry Morgenthau, alimkuta siku moja akiitumia, na akaliandika hilo katika kumbukumbu zake. Amri za wazi zilipita kwa njia rasmi ya wizara. Nyingine zilipita kwa wajumbe wa chama waliotumwa mikoani, kama Dkt. Bahaeddin Shakir. Kutafuta karatasi moja iliyoandikwa "waueni wote" ni kutafuta kitu ambacho watu wa namna hii huwa hawakiandiki.

Hata hivyo karatasi zilizobaki zinatosha. Julai 12, 1915, alimwandikia liwali wa Diyarbekir, Dkt. Reshid, kwamba amesikia Waarmenia na Wakristo wengine wamekuwa wakichinjwa usiku kama kondoo, na akaagiza hatua zilizowekwa kwa Waarmenia zisitumike kwa Wakristo wengine. Isome tena taratibu. Analalamikia kuvuka mpaka wa walengwa. Kuhusu Waarmenia wenyewe hasemi "acheni". Reshid hakuadhibiwa, na mwaka uliofuata alipewa uliwali wa Ankara. Siku tisa baada ya telegramu hiyo, nyingine iliagiza maiti zilizoachwa barabarani zizikwe, zisitupwe mitoni.

Ziko pia amri za asilimia. Walikopelekwa, Waarmenia hawakutakiwa kuzidi sehemu ndogo ya wenyeji, asilimia kumi kwa ujumla. Wizara ilidai takwimu mara kwa mara: wangapi wameondoka, wangapi wamebaki, wangapi wamefika. Mali zao ziliwekewa sheria ya "mali zilizoachwa", kana kwamba wenyewe walizisahau, na nyumba nyingi walipewa wakimbizi wa Balkani. Morgenthau anasimulia kwamba Talaat alimwomba orodha ya Waarmenia waliokuwa na bima ya maisha katika kampuni za Marekani, kwa kuwa wamekufa, hawana warithi, na fedha zinarudi serikalini. Balozi aliondoka kwa hasira.

Lakini Waarmenia si waliasi na kuwasaidia Warusi?

Hoja hii ni ya Talaat mwenyewe, na bado inasikika. Ukweli wake ni mdogo kuliko sauti yake. Waarmenia wa kujitolea walipigana upande wa Urusi, wengi wao wakiwa raia wa Urusi, ingawa wapo waliovuka mpaka. Mjini Van, Aprili 1915, Waarmenia walishika silaha na kujihami kwa wiki kadhaa mpaka Warusi wakafika, baada ya liwali Jevdet kuanza kuua kwenye vijiji vya jirani.

Sasa angalia ramani. Bursa haipo mpakani na Urusi. Ankara haipo. Edirne iko Ulaya. Waarmenia wa huko kote waliondolewa, pamoja na Waarmenia Wakatoliki wa Ankara ambao hakuna aliyewashuku kwa siasa yoyote. Bibi wa miaka sabini na mtoto anayenyonya hawana jeshi. Na mbunge Krikor Zohrab, mwanasheria na mwandishi wa hadithi fupi, aliyemwingia Talaat kama mtu anayemwingia rafiki, alikamatwa mwanzoni mwa Juni 1915 na kuuawa karibu na Urfa, akiwa njiani kupelekwa mahakama ya kijeshi Diyarbekir.

Je, ilikuwa vita ya Waislamu dhidi ya Wakristo?

Nimeulizwa hivi na Waislamu wenye wasiwasi na Wakristo wenye hasira, kwa hiyo nitasema waziwazi. Dini ilitumiwa. Jihadi ilitangazwa Novemba 1914 kwa jina la Khalifa, na wauaji wengi walichochewa kwa maneno ya dini. Lakini viongozi wa kamati walikuwa watu wa taifa kuliko wa sala: walitaka Anatolia ya Waturuki. Ndiyo maana Julai 1915 Talaat alizuia Waarmenia kuepuka msafara kwa kusilimu. Ndiyo maana pia mwaka 1916 aliwatawanya Wakurdi, Waislamu wenzake, kwa amri kwamba wasizidi asilimia tano popote watakapowekwa.

Na Waislamu walikataa. Mehmed Jelal Bey, liwali wa Aleppo kisha wa Konya, aligoma kuwahamisha watu na akaondolewa. Faik Ali Bey wa Kutahya aliwalinda wa kwake. Huseyin Nesimi, mkuu wa wilaya ya Lije, aliuawa kwa kukataa. Sharifu Hussein wa Makka aliwaandikia watu wake wawalinde Waarmenia kama wanavyojilinda wenyewe, mali na watoto wao. Familia za Waarabu na Wakurdi ziliwaficha watoto. Wapo pia waliowateka wasichana na kuwafanya wake au watumwa, na hilo halifichiki.

Wajerumani walijua?

Walijua. Mabalozi wadogo wao walituma ripoti za kina, na balozi Metternich alitaka serikali yake ilaani hadharani. Desemba 1915 kansela Bethmann Hollweg alikataa, akisema lengo ni kuibakiza Uturuki upande wao hadi mwisho wa vita, Waarmenia waangamie wasiangamie. Vita vilipokwisha, Ujerumani hiyohiyo ilimpa Talaat kimbilio.

Alihukumiwa?

Mjini kwake, ndiyo, lakini yeye hakuwepo. Alijiuzulu Oktoba 1918, na mwanzoni mwa Novemba alitoroka usiku kwa meli ya Kijerumani pamoja na Enver na Jemal. Mahakama ya kijeshi ya Istanbul ilisikiliza mashahidi, wengi wao Waislamu na maofisa wa dola, na Julai 5, 1919 ikamhukumu kifo. Ujerumani haikumtoa. Harakati za Mustafa Kemal, mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, ziliposhinda, hukumu hizo zilitupwa.

Machi 15, 1921, kwenye mtaa wa Hardenberg, Berlin, kijana Mwarmenia aitwaye Soghomon Tehlirian alimpiga risasi moja akamuua. Tehlirian alitumwa na kundi la siri la Dashnak, chama cha Kiarmenia, lililowawinda viongozi wa mauaji. Juni mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru baada ya kesi ya siku mbili, ambamo mashahidi walieleza yaliyotokea jangwani. Tehlirian alidai aliona familia yake ikiuawa mbele yake. Mama yake na ndugu zake waliuawa kweli, lakini yeye hakuwepo. Naona ni afadhali kulisema hilo kuliko kuliacha wakalitumie wanaokanusha yote.

Kwa nini tuseme "mauaji ya kimbari" wakati neno halikuwepo mwaka 1915?

Mei 24, 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitamka kwamba haya ni uhalifu dhidi ya ubinadamu na kwamba mawaziri wa dola watawajibika wao binafsi. Neno tunalolitafsiri leo kuwa mauaji ya kimbari lilibuniwa mwaka 1944 na mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland. Akiwa mwanafunzi alishangazwa na kesi ya Berlin: Tehlirian anashitakiwa kwa kuua mtu mmoja, na aliyeua taifa hana sheria ya kumshika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulifuata Desemba 1948. Jina lilichelewa, kama majina ya magonjwa yanavyochelewa, na wagonjwa walikuwepo.

Serikali ya Uturuki hadi leo inalikataa neno hili na kusema vilikuwa vifo vya vita na uhamisho wa lazima. Bunge la Ujerumani lililikubali mwaka 2016, na rais wa Marekani mwaka 2021. Ndani ya Uturuki wapo Waturuki wanaolisema. Mhariri Hrant Dink, Mwarmenia wa Istanbul aliyelizungumza kwa upole, alipigwa risasi mbele ya ofisi ya gazeti lake Januari 19, 2007, na maelfu kwa maelfu waliandamana kwenye mazishi yake.

Hili linatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Kwetu neno kimbari lilizoeleka kupitia Rwanda na Arusha. Katika mahakama ya Arusha, mwaka 1998, Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya 1994, alikiri makosa na kufungwa maisha. Alikuwa mkuu wa kwanza wa serikali kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Kilichotamkwa dhidi ya Talaat na wenzake Mei 1915, kwamba waziri atajibu yeye mwenyewe, kilitekelezwa kwa mkuu wa serikali, kwa kosa la mauaji ya kimbari, kwa mara ya kwanza miaka 83 baadaye, na kilitekelezwa Tanzania.

Kaburi la Talaat liko wapi?

Alizikwa Berlin. Mwaka 1943 serikali ya Hitler iliirudisha mifupa yake Istanbul, ikazikwa kwa heshima za kitaifa kwenye kilima cha Mnara wa Uhuru. Mifupa ya Enver ililetwa hapohapo kutoka Tajikistan mwaka 1996. Kuna mitaa na shule nchini Uturuki zenye jina la Talaat. Zohrab na wengi wa waliotembezwa hadi Deir ez-Zor hawana kaburi.